Mgeni na Jembe la Lugha: Kujifunza Kijerumani Miongoni mwa Marafiki Mjini Bayreuth

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii aghalabu hutolewa kumkumbusha mgeni asikae kitako akingoja kuandaliwa. Hata hivyo, ina upande wa pili usiozungumzwa sana: mgeni aliyekabidhiwa jembe ameanza kuhesabiwa miongoni mwa watu wa nyumbani, maadamu hakuna amkabidhiye jembe lake mtu asiyemwamini. Kwa Mkenya anayekwenda kuishi Ujerumani, jembe lenyewe ni lugha. Makala haya yanajadili jinsi jembe hilo linavyopatikana baada ya kozi kwisha na cheti kutiwa mkobani, yaani katika mazungumzo na marafiki wapya, na kwa nini mwanafunzi wa Kiswahili ana nafasi ya pekee katika mazungumzo hayo.

Suala hili lina uzito kuliko zamani. Tarehe 13 Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin makubaliano kuhusu uhamaji na ajira, na vijana wanaotafuta nafasi za uuguzi au za mafunzo ya kazi huko hulazimika kuanza na darasa la Kijerumani. Hata hivyo, makala haya hayatawafuata hao wote. Yatatua mahali pamoja ambapo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kutoka Kenya wamekwenda na kurudi kwa miaka mingi, nao ni mji wa Bayreuth.

Mji na lugha zake

Bayreuth uko kaskazini mwa Jimbo la Bavaria. Ni mji mdogo, wenye wakazi elfu sabini na ushei, na ulimwenguni unajulikana hasa kwa tamasha la opera za Wagner, lililofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1876. Wataalamu wa Kiswahili wanaujua kwa jambo jingine. Tangu mwaka 1987 chuo kikuu cha huko kimekuwa kikiandaa kolokia ya Kiswahili, na mwaka 2007 kilianzisha shule ya uzamifu ya taaluma za Kiafrika ambayo Chuo Kikuu cha Moi kilikuwa miongoni mwa washirika wake. Hivyo basi, si ajabu kumkuta kule Mkenya anayeandika tasnifu kuhusu utenzi au riwaya ya Kiswahili, huku nje theluji ikianguka.

Na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayetaka kusoma kwa Kijerumani hutakiwa kwanza kufaulu mtihani wa lugha, kama vile DSH au TestDaF. Mtafiti wa uzamifu katika taaluma za Kiafrika mara nyingi hatakiwi hivyo. Huandika kwa Kiingereza, hujadiliana na msimamizi wake kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na anaweza kukamilisha miaka yake yote akiwa hajui zaidi ya kuagiza kahawa. Chuo kitampa shahada. Mji, lakini, hautamjua.

Maisha ya kila siku huko hayaendeshwi kwa Kiingereza. Mgeni akishahamia katika makazi yake hupewa wiki mbili kwenda kujiandikisha kwenye ofisi ya serikali ya mji, na fomu za huko ni za Kijerumani. Mkataba wa nyumba ni wa Kijerumani. Barua ya bima ya afya ni ya Kijerumani, tena cha sentensi ndefu ambazo kitenzi chake hujificha mwishoni kama mwizi nyuma ya mlango. Katika makazi ya pamoja, ambapo wanafunzi watatu au wanne hushiriki jiko moja, huwepo orodha ya zamu za usafi iliyobandikwa ukutani. Takataka hutenganishwa: karatasi mahali pake, mabaki ya vyakula mahali pake, vifungashio vya plastiki mahali pake. Baada ya saa nne za usiku, na Jumapili mchana kutwa, kelele ni mwiko. Asiyeweza kuisoma orodha ile hawezi hata kujitetea anapolaumiwa, na ugomvi wa jikoni kwa lugha usiyoimudu huacha uchungu usiolingana kabisa na kosa lenyewe.

Adabu inayokwamisha

Wengi hudhani kwamba ukiishi katika nchi ya Wajerumani, Kijerumani kitakujia chenyewe. Hali sivyo ilivyo. Mkenya akifungua kinywa akatamka sentensi yake ya kwanza, kwa taratibu na kwa lafudhi ya kigeni, kijana Mjerumani humjibu kwa Kiingereza. Hafanyi hivyo kwa dharau. Anadhani anamsaidia mgeni, na pengine anafurahia kukinoa Kiingereza chake. Mgeni naye hushukuru, hupumua, na mazungumzo huendelea kwa lugha ambayo wote wawili wameiazima. Baada ya miezi sita urafiki umekolea lakini Kijerumani kiko palepale. Kubadilisha lugha ya urafiki ulioanza kwa lugha nyingine ni kazi ngumu. Wanaojua ndoa za makabila mbalimbali nchini Kenya watalielewa jambo hili bila kuelezwa.

Kimbilio jingine ni jamii ya Wakenya wenyewe. Hakuna anayepaswa kulaumiwa kwa kutafuta ugali na mazungumzo ya nyumbani siku ya Jumamosi. Upweke wa majira ya baridi, jua linapotua saa kumi na nusu alasiri, si wa kufanyiwa mzaha. Lakini mtu aliye na kimbilio hili peke yake hubaki mgeni wa siku mbili hata akikaa miaka minne.

Baiskeli ya watu wawili

Vyuo vikuu vya Ujerumani vina utaratibu uitwao tandem. Neno hilo ni jina la baiskeli inayoendeshwa na watu wawili, mmoja nyuma ya mwingine, wote wakipiga pedali. Katika ujifunzaji lugha, watu wawili wenye lugha mama tofauti hukutana mara moja au mbili kwa wiki, wakazungumza nusu ya muda kwa lugha ya mmoja na nusu iliyobaki kwa lugha ya mwenzake. Hakuna karo, na hakuna mwalimu. Kila mmoja ni mwalimu kwa nusu saa na mwanafunzi kwa nusu saa.

Umuhimu wa mpango huu kwa Mkenya ni kwamba unamwondoa katika hali ya kuomba. Wanafunzi wa Kijerumani wanaosoma Kiswahili wako Bayreuth, Leipzig, Hamburg, Mainz, Köln na Berlin, na wote wana njaa ya mtu wa kuzungumza naye. Mwanafunzi kutoka Eldoret au Maseno anapoketi nao mezani ana kitu ambacho hawakipati madukani. Hata kigugumizi chake cha Kijerumani hupungua, kwa kuwa amekwisha kumsikia mwenzake akihangaika na ngeli, na hakuna aibu kati ya watu wawili wanaokosea kwa zamu.

Ngeli zenyewe ni uwanja mzuri wa mazungumzo. Kijerumani kina jinsia tatu za nomino, na mezani kila kifaa kina yake: kijiko ni cha kiume, uma ni wa kike, na kisu si cha kiume wala cha kike. Mkenya hucheka, kisha hulia, kwa sababu nomino nyingi za Kijerumani hazina alama inayodokeza jinsia yake. Kiswahili angalau huonyesha uso wake: ki- ya kisu na ki- ya kijiko zinatangulia mbele, na anayejua kwamba wingi wa uma ni nyuma ameshapata njia.

Hata hivyo, Mjerumani naye ana swali lake. Kwa nini kiongozi na kijana, ambavyo vina umbo la ki-, husemwa kiongozi amefika na kijana analia? Hapa mazungumzo hunoga. Katika Kijerumani, neno "Mädchen", yaani msichana, halimo katika jinsia ya kike. Limo katika ile isiyo ya kiume wala ya kike, kwa kuwa lina kiambishi tamati "-chen" cha udogo, na kiambishi hicho hutawala sarufi hata kama anayetajwa ni binti mwenye macho na masikio. Kiswahili kimefanya kinyume: uhai wa kiongozi hushinda umbo la neno lake na kumpeleka katika upatanisho wa A-WA. Wawili hao wakishaliona jambo hili pamoja, hakuna atakayelisahau. Mwalimu wa isimu angeweza kulieleza ubaoni kwa dakika mbili, lakini ubao haukuulizi kwa nini.

Ndiyo isiyokuwa ndiyo

Matatizo makubwa zaidi hayatoki katika sarufi ya vitabu. Hutoka katika maneno madogo. Rafiki Mjerumani akiuliza, kwa maneno ya kukanusha, kama mwenzake hatakuja kesho, Mkenya ambaye hana nia ya kuja hujibu "ja", yaani ndiyo. Anachokusudia ni kile ambacho aghalabu hukusudiwa katika Kiswahili: "Huji kesho?" "Ndiyo, siji." Anakubaliana na kauli ya aliyeuliza. Mjerumani hubaki ameduwaa, kwani kwake jibu la asiyekuja ni "nein". Na anayetaka kusema kwamba atakuja licha ya swali kukanusha hutumia neno la tatu, "doch", ambalo Kiswahili hakina neno moja la kulifasiri. Miadi mingi imevunjika kwa ajili ya "ja" hii, na pande zote mbili zikadhani mwenzake hana uaminifu.

Neno hilihili "doch" lina kazi nyingine ambayo Mkenya huipata kwa urahisi akionyeshwa. Mjerumani anapomwambia mgeni "setz dich doch", sauti yake ni ileile ya mwenyeji wa Kiswahili anayesema "keti basi". "Warte mal" ni "hebu ngoja". "Schau mal" ni "hebu tazama". Vitabu vya kozi huyapitia maneno haya harakaharaka, ilhali ndiyo yanayogeuza amri kuwa ombi. Anayesema Kijerumani bila hayo husikika mkali, kama vile Mjerumani anayesema Kiswahili bila hebu wala basi asikikavyo mkali kwetu. Marafiki tu ndio wanaoweza kumweleza mtu jambo la namna hii, tena baada ya kukwazika mara mbili tatu.

Kuna pia neno pole. Rafiki amejikwaa ngazini, au kikombe kimemponyoka kikavunjika. Mkenya anataka kusema pole, na kilicho karibu zaidi katika msamiati wake ni "es tut mir leid". Mjerumani humtazama kwa mshangao na kumwambia kwamba hakuna kosa alilofanya, kwani maneno hayo katika hali kama hiyo husikika kama kuomba radhi. Pole ya Kiswahili haiombi radhi. Inashiriki maumivu tu. Wapo wanafunzi wa Kiswahili huko ambao, wakishaelezwa, huanza kuambiana pole hata katikati ya Kijerumani chao. Huu ndio ukopaji wa maneno ukiwa mchanga kabisa, kabla ya kamusi kuukuta.

Heshima nayo ina mitego yake. Kijerumani kina "du" kwa mwenzi na "Sie" kwa mtu wa kuheshimiwa. Wanafunzi huitana "du" tangu siku ya kwanza. Karani wa ofisi huitwa "Sie". Kiswahili hakiwekei heshima kwenye nafsi ya pili. Hata babu huambiwa wewe, na heshima yake huwekwa katika jina aitwalo: mzee, mama, shangazi, mwalimu. Kwa hiyo, jirani wa miaka sabini anaporuhusu aitwe kwa jina lake la kwanza na kwa "du", Mkenya hupata fadhaa. Ulimi wake unatafuta neno mama na haulipati. Aghalabu hukwepa kutaja jina lolote kwa majuma kadhaa.

Hesabu na nyakati

Mwenye kuandika nambari ya simu anayotajiwa kwa Kijerumani na apunguze mwendo. Arubaini na saba husemwa saba na arubaini, na mgeni aliyezoea kuandika tarakimu kama azisikiavyo huandika 74. Saa nazo zina mambo yake. "Halb drei" hutafsirika neno kwa neno kuwa nusu ya tatu, na Mkenya aliyepitia Kiingereza hufika saa tisa na nusu, kumbe aliyemwalika alikusudia saa nane na nusu, kwa hesabu kwamba saa ya tatu ya mchana imefika nusu yake. Bayreuth na maeneo mengine ya kusini na mashariki huongeza jingine: "viertel drei", robo ya tatu, ni saa nane na robo. Mjerumani wa kaskazini mwenyewe huchanganyikiwa.

Zaidi ya hayo, Kijerumani cha Bayreuth si kile cha darasa la Nairobi. Watu wa eneo hilo la Franken hulegeza sauti, hata /p/ ikakaribia /b/ na /t/ ikakaribia /d/. Aliyejifunza kutenganisha sauti hizo kwa bidii hujiona amedanganywa. Lakini mwanafunzi wa Kiswahili, aliyekwisha kusoma Kimvita, Kiamu na Kiunguja, hapaswi kushtuka anapoona lugha sanifu na lugha ya sokoni zikipishana. Muuguzi Mkenya katika makao ya wazee atakutana na jambo hilo kwa uzito zaidi, kwa sababu mgonjwa wa miaka tisini hatabadilisha lahaja yake kwa ajili ya cheti cha mtu.

Mwalimu kutoka Bagamoyo

Kubadilishana Kiswahili na Kijerumani hakukuanza jana, na hakukuwa kwa haki sikuzote. Mwaka 1887 ilifunguliwa Berlin taasisi ya kufundisha lugha za Mashariki, na Kiswahili kikawemo, hasa kwa ajili ya maafisa waliokuwa wakienda kutawala Afrika Mashariki. Walihitajika wenyeji wa lugha. Amur bin Nasur wa Unguja alifundisha huko katika miaka ya 1890. Baada yake, mwaka 1900, akaenda Mtoro bin Mwinyi Bakari kutoka pande za Bagamoyo. Kitabu kinachojulikana kuhusu desturi za Waswahili, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, kinamtegemea yeye kwa kiasi kikubwa.

Mtoro alijifunza Kijerumani, akaishi Berlin, na mwaka 1904 akaoa mwanamke wa huko. Mwaka uliofuata walisafiri kuja pwani ya Afrika Mashariki, lakini watawala wa koloni wakawazuia kushuka. Walirudi Ujerumani, naye akafia Berlin mwaka 1927. Alikuwa amewapa Wajerumani lugha yake, akaijua yao, na bado sheria ya wakati huo haikumtambua kuwa mtu wa nyumbani. Ilikuwa baiskeli ya watu wawili ambayo mmoja tu ndiye aliyeshika usukani.

Anayeketi leo katika mkahawa wa chuo na mwenzake Mjerumani hana budi kuijua historia hii, kwa sababu inaonyesha kinachokosekana pale mabadilishano yanapoegemea upande mmoja. Na yanaweza kuegemea hata sasa. Wapo wanaomtumia Mkenya kama kamusi inayotembea, wakachukua saa nzima ya Kiswahili na kusahau nusu saa ya Kijerumani. Afadhali aangalie saa yake na kuidai haki hiyo waziwazi. Wajerumani, kinyume na wenyeji wa pwani, hawachukulii jambo hilo kuwa utovu wa adabu.

Deni la Mkenya

Mwenye kudai haki naye hudaiwa. Mjerumani aliyefunzwa Kiswahili sanifu atauliza gari limeegeshwa wapi, na Mkenya atamjibu kwamba gari iko hapo nje. Atauliza maana ya kwamba na kuwa, na tofauti ya ngali na ngeli. Atauliza kwa nini Mkenya amesema sentensi nzima ambayo nusu yake ni Kiingereza. Maswali haya hayana ubaya, ila yanamkuta msomi wetu akiwa hajawahi kujiuliza. Wengine huona haya kurekebishwa Kiswahili na mtu wa Bavaria, wakaanza kukimbia miadi. Wengine huagiza kamusi na vitabu vya sarufi kutoka nyumbani, na inasemekana huko ndiko walikojifunza Kiswahili kwa mara ya pili.

Dawa ya hayo iko humu vyuoni mwetu, kabla ya safari. Vyama vya Kiswahili vinaweza kuwakutanisha wanafunzi wetu na Wajerumani wanaokuja kusoma Kenya kwa muhula mmoja, ili baiskeli ianze kuendeshwa hapa, ambapo Mkenya ndiye mwenyeji na Mjerumani ndiye anayepotea njia. Manufaa yake yangeonekana mapema. Mgeni kama huyo akialikwa chakula cha mchana saa nane, naye amejifunza tarakimu zake vyema kitabuni, hubisha hodi saa mbili za asubuhi, mkononi ameshika keki, na kukuta wenyeji wake ndio kwanza wanapiga mswaki.